Mtamba Aliyegeuzwa Shilingi

Kwako Saruni, mwanangu,

Barua nyingi huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Hali yako naijua. Nimekusikia ukipiga chafya tangu asubuhi kwa sababu ya hili vumbi la Kitengela, na nimekuona ukimaliza sahani nzima ya chapati huku ukisema huna hamu ya kula. Kwa hivyo hayo tuyaache. Umetoka kwenda kuagana na wenzako, nami nimeketi kwenye meza ya cherehani, nimesukuma vitambaa vya watu pembeni, naandika mbiombio kabla hujarudi ukaniuliza naandika nini.

Sitakukumbusha mambo ya sweta, wala pasi ya kusafiria, wala kuficha pesa kwenye soksi. Hayo nimeyasema wiki nzima hadi ukaniambia, "Mum, nimeskia, mimi si mtoto." Haya basi. Barua hii sijamwandikia mtoto.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno uliyoyasema leo mezani. Nilikuambia kwamba basi lenu la Arusha litapita Kisaju, na kwamba baba yako atakuwa amesimama pale sokoni, kando ya barabara, anataka kukuona kabla hujavuka mpaka. Nikakuambia kondakta ameshakubali kusimamisha gari. Wewe hukuinua hata uso. Ulisema, "Huyo alishalipa. Tulimalizana." Kisha ukaniuliza chumvi iko wapi.

Nilikupa chumvi nikaingia jikoni, na huko nikasimama nikishika ukingo wa karai kama mgonjwa. Si kwamba ulikosa adabu. Ni kwamba yale maneno ni yangu. Ulipokuwa darasa la tano, la sita, la saba, ulikuwa ukiniuliza habari za baba yako nami nakujibu hivyohivyo, kwa sauti ileile. Nilikushonea shati hilo mimi mwenyewe, na leo nimeona limekukaa sawasawa, na sikulipenda.

Sasa nisikilize. Unajua kwamba baba yako alikuwa akilipa kila mwezi mpaka ukatimiza miaka kumi na minane. Hujui ile pesa ilipangwaje. Hujui alitoa nini kabla ya kutoa pesa. Nataka ujue kabla gari halijafika Kisaju, kisha ushuke au usishuke, uamuzi ni wako.

Nilikuja huku kutoka Machakos nikiwa msichana, kushona katika kiwanda cha nguo kule Athi River. Kitengela ya wakati huo ilikuwa maduka machache na nyasi, na asubuhi ungekuta nyumbu wamelala pahali ambapo leo pana benki. Kiwanda kiliponichosha nikafungua kibanda cha ushonaji. Baba yako, Sankale, alikuwa akileta ng'ombe kuwauzia wachinjaji. Siku moja akaniletea koti lililochanwa na waya wa ua. Nikalishona. Baada ya wiki akarudi na koti lilelile, limechanika palepale. Mara ya tatu nikamwambia, "Bwana, huo waya unakupenda sana." Akacheka mpaka akakaa chini. Hivyo ndivyo tulivyoanza, na usiruhusu mtu yeyote akwambie kwamba wewe ulitokana na chuki.

Tuliishi pamoja bila harusi, na wewe ukazaliwa. Kisha wazee wake wakamwoza binti wa kwao. Alikuja kuniambia mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni, akasema hilo halibadilishi kitu, mimi pia nina nafasi bomani. Mimi nilizaliwa na kiburi, mwanangu, na kiburi hicho kimenisaidia mara nyingi, lakini siku ile kilinipanda kichwani. Nilitoa nguo zake nje, na lile koti likaenda la kwanza. Hata hivyo aliendelea kuja. Jumamosi ungemwona amefika na mtungi wa maziwa na kipande cha nyama, anakubeba mabegani mpaka kwenye vyuma vya mizani ya ng'ombe pale mnadani, anakuonyesha mafahali. Sidhani unakumbuka. Ulikuwa mdogo.

Lakini shule haikutaka maziwa. Shule ilitaka ada, na sare, na dawati. Kila nikimwambia, jibu lake lilikuwa, "Ng'ombe bado haijauzwa." Halafu nikaanza kuona kaka zake wakiuzia watu wa Nairobi ploti, wanapita na pikapu mpya, na mimi nimeinama hapa nashona zipu za watu. Nilienda kwa chifu. Chifu akaniuliza, "Mama, kwani huyo alikuoa?" Nikasema hapana. Akafunga kitabu chake. Miaka hiyo ya tisini, mwanamke asiye na cheti cha ndoa alikuwa anadai hewa. Wazee wa ukoo wa baba yako nao walikuwa na jibu lao, kwamba kama nimechoka kukulea nikupeleke bomani, mtoto ni wa boma. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikakulaza kitandani kwangu na mlango nikauwekea cherehani, na Jumamosi za baba yako zikaishia hapo.

Hiyo ndiyo hofu niliyoingia nayo baadaye katika ofisi ya Kajiado. Naiandika mapema ili usije ukadhani nilikuwa mwovu tu.

Ilipotoka sheria mpya ya watoto, redio zilisema sana, na hata chifu yule akabadilisha wimbo. Sasa baba aliyeishi na mtoto, au aliyemkubali, hakuweza tena kujificha nyuma ya harusi. Nikavaa gauni langu la kanisani nikapanda kwenda Kajiado, kwa afisa wa watoto. Nje ya ofisi palikuwa na benchi refu la wanawake, na nilichojifunza kwenye benchi lile kilikuwa kingi kuliko cha ndani.

Nilikuwa nadhani serikali ina bei. Nilidhani kuna karatasi ukutani imeandikwa: mtoto wa darasa la tano, kiasi hiki, mtoto wa kidato, kiasi kile. Hakuna. Wanawake wa benchi walikuwa wakiulizana kama watu wanaolinganisha bei ya nyanya. "Wewe ulipewa ngapi?" Mmoja mume wake alikuwa mwalimu, pesa inakatwa kwenye mshahara kabla hajaiona. Mwingine bwana ni dereva wa lori, leo yuko Mombasa kesho Malaba, na yeye alipewa nusu ya ile ya mwalimu ingawa watoto wake walikuwa wawili. Mama mmoja wa Matasia alinishika mkono akaniambia, "Wako ni Mmasai wa ng'ombe? Basi skia. Usikubali kitu haina sauti ya shilingi. Ukipewa mbuzi, kesho utaambiwa mbuzi ilikufa. Wewe sema pesa, pesa, pesa." Nilimshukuru. Alikuwa ameumizwa, na alinipa dawa aliyoijua.

Afisa alikuwa mama mwenye sauti ya upole, na macho mekundu ya kusoma mafaili. Alinieleza vizuri. Sheria haimpi yeye hesabu, alisema, inampa maswali. Mtoto anahitaji nini? Alikuwa akiishi vipi kabla wazazi hawajaachana? Mama anapata kiasi gani? Baba je? Mzigo ni wa wazazi wote wawili, kila mmoja kwa uwezo wake. Wakikubaliana, wanaandika makubaliano na kuweka sahihi. Wasipokubaliana, wanaenda kwa hakimu, na hakimu naye atauliza maswali yaleyale. Akaandika chakula chako, viatu vyako, nauli, daktari, hata taa ya kusomea. Akaandika na mapato yangu ya cherehani. Nilijisikia mtu. Sitasahau hilo, na wewe usiidharau ofisi ile, maana ilikulisha.

Siku ya mwito wa pili baba yako alikuja. Alikuwa amepiga viatu rangi. Alinisalimu, akamsalimu afisa, akaketi na fimbo yake katikati ya magoti.

"Mzee, huyu mtoto unamkubali?" afisa akamuuliza.

"Kwani nani alisema nimemkataa?"

"Ni sawa. Mshahara wako ni kiasi gani kwa mwezi?"

"Mimi sina mshahara. Niko na ng'ombe."

"Wangapi?"

Baba yako akatazama dirishani. Afisa akadhani hakusikia, akamuuliza tena, kwa sauti ya juu kidogo.

"Ng'ombe haihesabiwi hivyo, madam," akasema. "Iko."

"Iko ngapi?"

"Iko tu."

Afisa akanigeukia, akashusha pumzi. "Unaona, mama? Huyu anaficha mali."

Saruni, hakuwa anaficha. Nilijua. Wakati tukiishi pamoja nilienda kwao, nikasimama kwenye lango la boma jioni ng'ombe wakiingia, nikaanza kuwahesabu kwa kidole kama mtoto wa chekechea. Mama yake akaja akaushusha mkono wangu polepole, akautia ndani ya wake, wala hakunigombeza. Kwao mtu hatamki idadi ya ng'ombe wake wala ya watoto wake. Ni kuita mkosi. Baba yako anajua kundi lake kwa rangi na pembe na mwendo, na akipungua mmoja anamtaja kwa jina kabla hata wewe hujajua kuna kundi. Haya yote niliyajua. Ningesema sentensi moja tu: "Madam, hafichi, ni mila yao." Nilifunga mdomo. Nilijua kwamba afisa akimwona mwongo, kiwango kitapanda, nami hilo ndilo nililotaka.

Baba yako akazungusha fimbo. Halafu akasema, na maneno haya nayakumbuka kuliko nyimbo za kanisani: "Madam, mimi nitapea mtoto mtamba. Si ya kuuza, yake. Shule ikifunga akuje boma, achague yeye mwenyewe, ile rangi anataka. Hiyo mtamba ikizaa, ni yake. Ndama ikizaa, ni yake. Akikosa karo tunauza dume. Akikuwa mkubwa atakuta iko na kitu."

Afisa aliweka kalamu chini. Alisikiliza, siwezi kumsingizia. Kisha akaniuliza, "Mama, unasemaje?"

Nikasema, "Mtamba halipi karo. Ageuzwe awe pesa."

Nilisema hivyo. Sauti ya yule mama wa Matasia ilikuwemo, lakini kinywa kilikuwa changu. Afisa akamuuliza baba yako mtamba mzuri anauzwa vipi sokoni. Angeweza kudanganya, maana mimi bei ya ng'ombe sikuijua, na afisa pia hakuijua. Akataja bei ya juu, bei ya mnyama bora. Afisa akaigawanya kwa miezi iliyobaki mpaka utimize umri, kile kipande kidogo kikajazwa juu ya chakula na viatu na nauli. Kwa hiyo ile pesa uliyokuwa ukiiona kila mwezi, ndani yake mlikuwa na kipande cha mnyama wako, unakula kidogokidogo bila kumjua.

Kukawa na mstari mmoja zaidi kwenye karatasi, wa baba kumwona mtoto. Yeye alikuwa ametaja likizo, na boma, na wewe kuja kuchagua. Sasa mnyama hayupo, ningekupeleka kuchagua nini? Nikasema, "Akitaka kumwona, aje kwangu, mbele yangu." Afisa akaandika kwamba wazazi wataelewana wenyewe. Baba yako akatia sahihi. Alipoinuka aliniita kwa Kimaasai, Ng'oto Saruni, yaani mama yake Saruni, kwa heshima kabisa, akaniambia, "Hiyo ulikataa si ng'ombe." Akatoka.

Nilirudi Kitengela nikiwa mshindi. Unamkumbuka Mama Halima, jirani yangu wa duka la sukari na vitambaa, yule mama wa kutoka Garissa aliyekuwa akikupa tende? Nilimpikia chai ya maziwa nikamweleza yote, hata nikaigiza baba yako alivyotazama dirishani. Alicheka vizuri mpaka nilipofika kwenye mtamba.

"Na hiyo mnyama iko wapi?" akauliza.

"Tumegeuza pesa."

Akaweka kikombe chini. "Walahi, wewe ni mjinga."

"Mjinga kwa nini? Karo inalipwa na mkia?"

"Sikia mimi. Kwetu mtoto akizaliwa, anapewa ngamia yake. Mtoto akienda mbali, miaka kumi, ishirini, akirudi mtu anamwambia, njoo, mnyama yako iko hapa, imezaa. Hawezi kuwa mgeni. Mtoto ya bila mnyama ni mgeni kwa babake. Huyo mzee alikuwa anafungulia mtoto mlango, wewe umeuza mlango."

Nilimwambia asinitishe na mambo ya jangwani. Tukanuniana. Niliona aibu hata kununua sukari kwake, nikawa navuka barabara kwenda kununua kwingine, na kwingine huko ilikuwa ghali zaidi. Tulipatana baadaye, lakini hakuyarudia yale maneno, na mimi sikuhitaji ayarudie. Nilikuwa nimeyaelewa siku ileile, chai ikiwa bado moto. Ningeweza kupanda gari kesho yake kurudi Kajiado. Makubaliano yanabadilishwa, afisa mwenyewe alituambia. Sikurudi.

Sasa nitakwambia kwa nini, na hili sijamwambia mtu, hata mchungaji. Si njaa iliyonitisha, wala ada. Niliogopa kwamba ungeenda kule likizo moja ukampenda yule mnyama, ukampenda nyanya yako mwenye mikono laini, ukampenda baba yako anavyocheka hadi anakaa chini, halafu ungerudi hapa kwenye chumba hiki cha mabati ukanitazama kama mtu anayengoja likizo nyingine. Ulikuwa wewe tu. Sikuwa na mwingine wa kupoteza. Nikaona afadhali uwe na baba wa pesa kuliko baba wa kweli, maana pesa haiwezi kuninyang'anya mtoto.

Jioni ile ulirudi kutoka shule, begi likiburuta. Ukaniuliza, "Baba alisema nini?" Nikasema, "Amekubali kulipa." Ukauliza, "Atakuja?" Nikasema, "Alisema atatuma pesa." Angalia, mwanangu, hakuna neno la uongo pale. Alikubali kulipa, na alisema atatuma. Uliitikia kwa kichwa, ukaenda kufanya hesabu zako, na usiku ule ulilala umegeukia ukutani. Mpaka leo unalala hivyo.

Pesa ililetwa kwa mkono wa Njoroge wa bucha, na simu zilipoingia ikawa inatumwa kwa simu. Haikukosa. Ukaja ule ukame uliokausha mpaka mibono. Ng'ombe walikuwa wakipita hapa barabarani kuelekea Nairobi kutafuta nyasi za kando ya majumba ya watu, mbavu nje, na wengine wakianguka hapohapo kwenye lami. Mwezi mmoja pesa ilichelewa. Ulikuwa umefunga shule, viatu vimetoboka, ukasema, "Huyo anachelewesha kwa kiburi." Nami nilikuwa nimetoka kwa Njoroge, ameniambia kwamba baba yako amevuka hadi upande wa Tanzania na kundi lake, ng'ombe wanakufa, na wale waliobaki anauza wenye maziwa kwa bei ya ngozi ili asikose tarehe yako. Nilikuangalia ukitikisa kiatu. Ningekwambia. Badala yake nilichukua gundi nikakibandika, nikakuacha uamini kwamba ni kiburi. Karatasi ile ilikuwa na nafasi ya kupunguza kiwango mambo yakimwendea mtu vibaya. Ilitakiwa tu mmoja wetu aende aseme. Yeye hakwenda kwa sababu aliona ameahidi. Mimi sikwenda kwa sababu nilikuwa mimi.

Hata ulipotahiriwa, pale hospitalini, aliyesimama nawe ni mjomba wako Mutua. Baba yako alikuwa ametuma Njoroge mara mbili aulize ni lini. Nilimwambia Njoroge ashughulike na nyama yake.

Sikuandikii haya ili unihurumie, wala ili unichukie, ingawa ukinichukia kidogo mpaka Namanga nitaelewa. Najua pia kwamba baba yako si malaika. Alikaa miaka akidhani maziwa ya Jumamosi yanatosha kumlea mtoto, na nisingeenda Kajiado labda leo ungekuwa unachunga, au unabeba mawe ya machimbo. Sijutii kwenda. Siku moja huenda ukaketi mbele ya meza kama ile, ukiwa upande wa baba au upande wowote, Mungu akuepushe. Afisa atauliza kinachohesabika, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyopewa, na ni kazi njema. Kisichohesabika hakuna atakayekuuliza. Mimi nilikuwa nacho mdomoni nikakimeza.

Maji yakimwagika hayazoleki, hilo najua. Miaka yako ya utotoni siwezi kuirudisha, wala siwezi kumrudishia yeye. Nimefikiria niseme "samahani" kwa namna fulani nzuri, lakini mimi ni fundi wa nguo tu. Samahani, Saruni. Nilikuwa nakupenda, na nilikuwa nakupenda vibaya.

Sasa nikuambie simu ilivyokuwa, halafu niache, maana nasikia mbwa wa jirani wanabweka na huenda ni wewe.

Jana mchana simu ililia, namba nisiyoijua. Nikasikia mtu anapumua, kisha akanisalimu kwa Kimaasai, "Ng'oto Saruni, supa." Sauti imekuwa ya mzee. Katika miaka yote hii hakuwahi kunipigia, alikuwa akituma tu. Akasema amesikia kwa Njoroge kwamba unaenda Arusha kusomea umeme. Akasema yale ya karatasi yamekwisha, hakuna anayemdai, na hana la kudai. Anataka tu kukuwekea mkono kichwani na kukutemea baraka kama baba anavyofanya mtoto akisafiri. Hatachukua muda mrefu, akasema, anajua gari lina watu. Nikamwambia sawa, nitakwambia, lakini sikuahidi.

Nilidhani amemaliza. Nikangoja akate. Hakukata.

Akaniuliza, "Amekuwa mrefu?"

Nikasema ndiyo, amekuwa mrefu.

"Anafanana na wewe ama mimi?"

Akangoja, akakohoa kidogo, kisha akauliza polepole, kama mtu anayeomba msamaha kwa swali lake mwenyewe: "Watu watakuwa wengi kwa hiyo gari. Nitamjua aje?"

Nikamwambia, "Utamjua. Ni yule atashuka."

Mama yako